Ganda Gumu Juu ya Tope: Niliyojifunza Nikiegemeza Daraja

Mchoro wa kwanza wa kazi za muda, yaani miundo ya kuegemeza inayoondolewa ujenzi ukiisha, niliowahi kuutia saini uliishia kwenye mstari mmoja mnene. Juu ya mstari huo kila kitu kilikuwa na kipimo chake: unene wa mabomba, nafasi kati ya miguu ya mnara, ukubwa wa bolti, urefu wa mbao za kukalia miguu. Chini ya mstari palikuwa na vijistari vya mshazari, vile wachoraji wanavyotia kuonyesha udongo, pamoja na maneno matatu: "ardhi imara iliyoshindiliwa". Hakuna mtu aliyeuliza imara kwa kiasi gani, wala imeshindiliwa na nani, na mimi niliyetakiwa kuuliza ndiye niliyeyaandika maneno hayo.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Daraja la zege lenye mihimili minne lilihitaji kubadilishiwa mito ya mpira ambayo sakafu yake inakalia juu ya nguzo, kwa kuwa mito ya zamani ilikuwa imepasuka na kuvimba pembeni. Ili kuitoa, sakafu lazima inyanyuliwe kidogo kwa jeki, milimita 10 zikitosha, kisha ishikiliwe hapo siku kadhaa huku mafundi wakisafisha sehemu ambazo mito hukalia, wakimwaga tabaka jipya la kukalia na kusubiri likomae. Kwa kawaida jeki huwekwa juu ya kichwa cha nguzo ileile ya daraja, lakini kichwa hiki kilikuwa chembamba na zege la kingo zake lilikuwa limemeguka, kwa hiyo ilibidi tusimamishe mnara wa chuma kando ya nguzo, kwenye ukingo wa mto, na kuweka jeki juu yake. Mnara ulikuwa na miguu minne, kila mguu ukibeba tani 24 hivi, na miguu ilitengana kwa mita 1.8 kila upande. Sharti gumu kuliko yote halikuwa uzito. Tofauti ya mnyanyuko kati ya mhimili mmoja na jirani yake haikutakiwa kuzidi milimita 3, la sivyo sakafu ingepasuka.

Ardhi ya pale ilikuwa tambarare, kavu, yenye nyasi fupi, na lori lilipita juu yake bila kuacha alama ya maana. Nilifanya nilichofundishwa: niliagiza jaribio la bamba, ambapo bamba la chuma lenye kipenyo cha milimita 300 linalazwa juu ya udongo na kukandamizwa hatua kwa hatua huku kuzama kwake kukipimwa. Kila mguu ungekalia kitanda cha mbao cha mita 1.2 kwa mita 1.2, sawa na mkandamizo wa karibu tani 17 kwa kila mita ya mraba, nasi tulilisukuma bamba hadi mkandamizo wa tani 25 kwa mita ya mraba. Lilizama milimita 2 tu. Niliandika matokeo hayo kwa mwandiko mzuri kabisa.

Alasiri ya siku hiyo msimamizi wa mafundi, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi kazini, aliokota kipande cha nondo ya milimita 12 kilichokuwa kimelala karibu na mashine ya kukatia, akakisimamisha katikati ya mahali ambapo mguu mmoja ungekaa, na kuanza kukigonga kwa nyundo. Mapigo ya kwanza yalilia kama anayegonga mwamba, nondo ikaingia kidogo kidogo, pigo baada ya pigo. Ilipofika kama usawa wa goti hadi paja, mlio ulibadilika, ukawa mzito na mfupi. Akaweka nyundo chini, akaishika nondo kwa mikono miwili na kuiegemea kwa uzito wa kifua chake, nayo ikashuka taratibu bila kupigwa, karibu mita nzima. Alipoichomoa, sehemu ya juu ilikuwa na vumbi kavu na sehemu ya chini ilikuwa imepakwa udongo wa kijivu, unaong'aa, laini kama siagi.

"Mhandisi, huku chini kuna uji," alisema.

Nilimjibu kwamba jaribio la bamba limeshatupa jibu, na kwamba nondo nyembamba inaweza kupenya mahali ambapo mzigo mpana hautapenya. Sentensi hiyo ya pili inasikika kama ya kitaalamu, na ndiyo sababu ilinidanganya mimi mwenyewe kwa siku tano.

Nieleze kosa lilipokuwa, maana nimeliona likirudiwa na watu wenye akili kuliko mimi. Mzigo unaowekwa juu ya udongo hauishii pale unapogusa. Husambaa kwenda chini kama umbo la kitunguu, na kina ambacho bado unahisika kwa nguvu ni kama mara mbili ya upana wa kile kinachokandamiza. Bamba la sentimita 30 husikika hadi sentimita 60 hivi. Ganda kavu la pale lilikuwa na unene wa sentimita 80. Kwa maneno mengine, jaribio langu zima lilifanyika ndani ya ganda na halikugusa kabisa udongo laini uliokuwa chini yake. Lilipima kwa usahihi mkubwa kitu ambacho sicho kilichokuwa na tatizo. Kitanda cha upana wa mita 1.2, kwa upande wake, kinahisika hadi zaidi ya mita 2 chini, na kikundi cha vitanda vinne vilivyokaribiana kinafanya kazi kama kitanda kimoja kikubwa.

Hesabu ya hilo si ngumu, na baadaye niliifanya nyuma ya karatasi ya oda ya saruji. Ukichukulia kwamba mzigo unapanuka nusu mita kila upande kwa kila mita ya kina, basi chini ya ganda, kwenye kina cha sentimita 80, kila kitanda kimekuwa na upana wa mita 2 na mkandamizo umeshuka hadi tani 6 kwa mita ya mraba. Tulipotoboa baadaye kwa keekee ya mkono na kupima udongo wa kijivu kwa kile kifaa chenye mabawa manne kinachozungushwa ndani ya tope, tulipata ukinzani wa karibu tani 1.5 kwa mita ya mraba. Mfinyanzi wa namna hiyo, kwa mzigo wa umbo la mraba, hushindwa unapofikia takribani mara sita ya ukinzani wake, yaani tani 9. Tulikuwa tumebakiwa na nafasi ya usalama ya mara moja na nusu, ilhali kwa ardhi tusiyoijua vizuri huwa nataka mara mbili hadi tatu. Ukishuka zaidi, kwenye kina cha karibu mita 3, hesabu ya mguu mmoja mmoja inakupa tani 1.5, lakini ukiichukua miguu yote minne kwa pamoja unapata karibu tani 3. Nusu ya mzigo ilikuwa imejificha katika kuhesabu kila mguu kana kwamba uko peke yake.

Tuliuhamishia mnara mzigo siku ya kwanza ya juma. Kwa kila mguu nilikuwa na alama ya rangi, na kwa kila saa mpimaji alisoma usawa kwa darubini akilinganisha na kigingi cha rejea. Masomo yalikuwa ya kuridhisha mno: milimita 2, 3, 3, 3. Siku ya pili jioni nilikuwa tayari nimeanza kuzungumzia mradi unaofuata. Kumbe kigingi chenyewe kilikuwa kimepigwa hatua mbili tu kutoka kwenye mnara, kwenye ganda lilelile, nacho kilikuwa kikishuka pamoja nao. Huwezi kujua kwamba mtumbwi unazama ukiwa unapima kwa kamba iliyofungwa kwenye mtumbwi huohuo. Tangu siku hiyo sikubali kigingi cha rejea kwenye udongo ulio karibu na mzigo. Alama huchorwa kwenye nguzo nyingine ya daraja yenye msingi mrefu, na ya pili huwekwa mahali tofauti ili zikaguane.

Usiku wa siku ya tatu mvua ilinyesha. Asubuhi yake maji yalituama kuzunguka mbao, na msimamizi yuleyule wa nondo, kwa nia njema kabisa na bila kumwuliza mtu, aliwaambia vijana wachimbe mfereji wa kuyapeleka mtoni. Ulikuwa mfereji mzuri, umenyooka, wenye kina cha nusu mita, na ulipita sentimita 40 kutoka kwenye vitanda viwili vya upande wa mto. Huo ndio ulikuwa ukingo wa ganda letu. Ganda hubeba kwa sababu ni kipande kizima, kama ubao uliolazwa juu ya tope. Ukilikata pembeni mwa mzigo, unaubakiza mzigo juu ya kipande kifupi kinachoweza kuinama na kusukumwa kwenda kwenye uwazi. Simlaumu. Yeye alijua kilichokuwa chini na mimi nilijua jinsi mzigo unavyosambaa, lakini hatukuwahi kukaa pamoja kuviunganisha vitu hivyo viwili, na nafasi ya kukaa pamoja ilikuwa ile alasiri ya nondo, ambayo niliifunga mimi.

Siku ya tano alfajiri mlinzi alinipigia simu kwamba "chuma kinalia". Nilipofika niliona kwanza kabari za mbao za upande wa bara: zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzitikisa kwa vidole. Mguu ambao kabari yake imelegea haubebi, na usipobeba, mzigo wake umekwenda kwa mwenzake. Timazi niliyoiteremsha kutoka juu ya mnara ilionyesha kuwa umeinama kuelekea mtoni. Tulipopima upya kutoka kwenye nguzo ya jirani tukakuta miguu ya upande wa mto imetitia milimita 19 na ya upande wa bara milimita 8. Katika mbao za juu za upande wa mto, bamba la kiatu cha chuma lilikuwa limejizika ndani ya ubao. Mbao zilizolowa, zinapobanwa kwa kukatiza nyuzi zake, hupondeka mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo sehemu ya mshuko tulioupima juu ya jeki ilikuwa ya mbao wala si ya ardhi, na bila kupima mahali pawili, juu ya ubao na chini yake, usingejua ulaumu kipi.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho sikukipa uzito wakati wa kupanga. Mkaguzi alikuwa ameshikilia kwamba, kila tunaponyanyua, tuingize vipande vya bamba la chuma juu ya nguzo ya daraja chini ya mihimili, tukiacha uwazi wa milimita chache tu. Nilimwona msumbufu. Mnara ulipotitia, mihimili miwili ya upande wa mto ilishuka na kukalia vipande hivyo, ikaishia hapo. Sakafu ilipata nyufa nyembamba za unywele ambazo tulizijaza baadaye, na hakuna aliyeumia. Siku hizi mtu akiniambia kwamba vipande vya akiba vinachelewesha kazi, namwomba anieleze sakafu yake itakaa wapi ikiwa jeki itapoteza mafuta usiku.

Mhandisi mmoja mwandamizi alinipa baada ya hapo taarifa nisome kuhusu daraja la Loddon nchini Uingereza, ambalo miundo yake ya kuegemeza iliporomoka mwaka 1972 wakati wa kumwaga zege, wafanyakazi watatu wakafariki. Kisa kile hakikuwa cha udongo. Lililoshindwa lilikuwa chuma. Lakini kamati iliyoongozwa na Stephen Bragg, iliyotoa ripoti yake mwaka 1975, iligusa jambo lililonihusu moja kwa moja: kwamba awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kuunganisha kazi zote za muda, ili asiwepo anayechora bila anayejenga kujua, wala anayejenga bila anayechora kujua. Mfereji wangu ungemfikia mtu huyo kabla ya koleo la kwanza. Kanuni za Uingereza zilizofuata zinadai pia kwamba miundo ya namna hiyo ihesabiwe kubeba nguvu ya ulalo isiyopungua asilimia 2.5 ya mzigo wa wima, hata kama mchoraji haoni nguvu hiyo itatoka wapi. Mimi niliona inatoka wapi: mnara ukiinama kidogo kwa sababu upande mmoja umetitia, mzigo wa wima wenyewe unaanza kusukuma kwa ulalo, na kadiri unavyosukuma ndivyo unavyoinama.

Tuliurekebisha hivi. Kwanza tuliushusha mzigo wote kwenye vipande vya chuma juu ya nguzo, kisha tukaufungua mnara. Mfereji ulijazwa mfinyanzi mkavu ulioshindiliwa kwa tabaka, na maji yakaelekezwa mbali kwa tuta dogo juu ya ardhi badala ya kuchimba. Ganda hatukulikwangua hata sentimita moja, ingawa kuna aliyependekeza tuondoe "udongo mbaya wa juu". Huo wa juu ndio uliokuwa mzuri. Juu yake tulitandaza kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, tukamwaga kokoto zenye kingo kali zenye unene wa sentimita 60, zikishindiliwa kila sentimita 20, na juu ya kokoto tukapanga mihimili ya mbao ngumu kwa tabaka mbili zinazokatizana, kitanda kimoja cha mita 4.8 kwa mita 4.8 kwa miguu yote minne. Mkandamizo ulishuka hadi tani 4 na kidogo kwa mita ya mraba juu ya kokoto, na chini ya ganda, pamoja na uzito wa kokoto zenyewe, tukapata nafasi ya zaidi ya mara mbili.

Hapa ndipo wengi husimama, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kupanua kitanda kunaondoa hatari ya kuzama kwa ghafla. Hakuondoi kutitia kwa polepole, kwa sababu mfinyanzi laini ulioshiba maji hutitia kadiri maji yanavyokamuliwa kutoka ndani yake, na maji hayo yana njia ndefu na nyembamba ya kutoka. Muda huo hauongezeki sambamba na unene wa tabaka: tabaka likiwa nene mara mbili, muda huwa mara nne. Mradi wa siku kumi na mradi wa miezi mitatu kwenye ardhi ileile ni miradi miwili tofauti. Kwa hiyo tuliacha kutafuta mnara usiotitia na tukajenga mnara unaotitia tukijua, wenye njia ya kurudishwa. Tuliupandishia kwanza mzigo wa majaribio, vitalu vya zege vyenye uzito sawa na ule wa sakafu, ukakaa siku sita huku tukiandika kila asubuhi na kila jioni. Ulititia milimita 11, nyingi katika saa za mwanzo, kisha mstari wa masomo kwenye grafu ukaanza kulala. Baada ya hapo ndipo tulipouleta mzigo wa daraja, kwa jeki zenye kola ya chuma inayofungwa kwa kuzungushwa, ili zikae kwenye chuma na si kwenye mafuta, na kila mguu ukiwa na jeki yake. Kila mshuko ulipofikia milimita 2 tulifungua kola, tukasukuma, tukafunga tena. Tulifanya hivyo mara tatu.

Katika kazi zilizofuata swali langu la kwanza limekuwa kama tunaweza kutoitumia ardhi laini kabisa. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Nguzo za daraja lenyewe husimama juu ya msingi mrefu uliokwisha titia miaka mingi iliyopita, na juu ya msingi huo mara nyingi pana ukingo wa zege unaoweza kusimamishiwa miguu ya chuma, au mwili wa nguzo unaweza kubanwa kwa vishikio vya bolti. Gharama ya chuma huongezeka na huna budi kukagua kwamba mzigo wa ukingoni haupindi msingi, lakini unaondokana na mvua, mto kujaa na mfereji wa mtu mwenye nia njema. Kinachobaki ni magari: lori la zege lililoegeshwa kando ya kitanda husukuma udongo laini kwa ulalo, na mguu wa kreni ni kitanda kidogo chenye mzigo mkubwa, kwa hiyo siku hizi naweka uzio kuzunguka kitanda na ufunguo wake anakaa nao mtu mmoja.

Na kabla ya hayo yote natembea na nondo. Siichukulii kuwa kipimo. Vipimo vinafanywa na wenye vifaa, kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kikundi chote cha miguu. Naigonga ili nijue mahali pa kuwapeleka.

Mito mipya ilipowekwa na sakafu kurudishwa juu yake, tuliufungua mnara kwa kushusha miguu yote kwa zamu, milimita 2 kila mmoja, ili asiachwe mmoja abebe peke yake mwishoni. Mbao zilipoondolewa na kokoto kuchotwa, kitambaa kilipofunuliwa kilionyesha umbo la kitanda likiwa limechorwa ardhini. Kona ya upande wa mto, pale mfereji ulipopita, ilikuwa imeshuka kuliko nyingine zote, na maji yalikuwa yameshaanza kukusanyika humo. Msimamizi alichuchumaa, akalaza ubao mrefu kutoka kona hadi kona na pimamaji juu yake, akaingiza rula chini ya ubao na kusoma kwa sauti: thelathini na moja. Niliandika milimita 31, tarehe, na jina la kona.